Kutu ya bandia na mpaka wa ghushi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyempa mwanadamu akili ya kuwaza na mikono ya kutenda. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Wiki hii safu yetu inajibu maswali ya mama mmoja wa hapa Chanika, Handeni. Mama huyu ana kijana wa miaka 16 ambaye saa zake za mapumziko huzitumia kuunda malori na mabasi madogo. Mbao zake huzipata kwa maseremala, waya huzipata kwenye machakavu, na magurudumu huyakata katika kandambili zilizotupwa. Jambo la kushangaza ni kwamba gari likishakamilika na kupakwa rangi, kijana haliachi liwe jipya. Hulitia vumbi, hulikwaruza, hulipaka kutu na matope, mpaka mtu akiliona katika picha hudhani ni lori lenyewe lililorudi kutoka Kibirashi msimu wa masika.

Mama ameuliza mambo matatu. La kwanza: je, kazi hii inajuzu, ilhali amesikia kwamba kuunda sura ni haramu? La pili: je, si kupoteza muda ambao kijana angesomea? La tatu ndilo lililomnyima usingizi. Mfanyabiashara mmoja aliiona ile kutu ya bandia, akaipenda, akamtaka kijana amchakazie vigoda na masanduku mapya ya mbao ili yauzwe kwa wageni kama vitu vya kale. Fedha aliyoahidi kwa kazi ya wiki mbili ni nyingi kuliko faida ya mama katika maandazi kwa miezi miwili, na nyumba hiyo ina madeni. Kijana akauliza, na mama akatuletea swali kama lilivyo: “Ustadh, mimi napaka tu. Kuuza si kazi yangu. Kosa langu liko wapi?”

Swali hili ni zito, na linastahili jibu refu kuliko neno moja la halali au haramu.

UFUNDI WENYEWE NI UPI

Wengi wetu tuliokulia upande huu wa Handeni na Korogwe tumeunda magari utotoni. Tuliunda kwa mabua ya mahindi na mtama, kwa makopo, kwa waya, tukaweka usukani mrefu ili tuliendeshe tukiwa tumesimama. Ule ulikuwa mchezo, na mchezo una haki yake. Kijana huyu amevuka hapo. Yeye huanza kwa kupima.

Fani hii inajulikana duniani kote na ina watu wazima wanaoishughulikia maisha yao yote. Viwanda kama Tamiya cha Shizuoka, Japani, na Airfix cha Uingereza huuza masanduku ya vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha nyumbani na kuvipaka rangi. Kila sanduku huandikwa skeli yake, kwa mfano 1:72 au 1:35, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 72 au mara 35. Ni hesabu ileile wanayofundishwa wanafunzi katika somo la ramani. Masanduku hayo ni ghali na hayafiki kwetu, lakini hesabu yake haihitaji sanduku.

Kijana wetu hutumia skeli ya 1:20, kwa sababu ni nyepesi kwa rula ya shule: kila mita 1 ya kitu halisi inakuwa sentimita 5. Lori lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 2.5 linakuwa na urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 12.5. Gurudumu la mita 1 linakuwa la sentimita 5. Akighafilika akakata gurudumu la sentimita 8, ametengeneza gurudumu la mita 1.6, linalokaribia kimo cha dereva mwenyewe, na hapo lori lote linageuka kuwa kichekesho. Basi hukata upya.

Kwa mbao nyepesi hutumia mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mmea wakati umri wake unapokwisha. Ukikauka huwa mwepesi, na ndani yake hukatika kwa kisu kidogo pasipo taabu. Katika wilaya zetu zilizojaa historia ya mkonge, malighafi hiyo haihitaji kuagizwa Ulaya.

HUKUMU YA KUUNDA MIFANO

Sasa tuingie katika swali la kwanza. Hadithi zinazokemea wenye kuunda sura ni sahihi na ni kali, na hatuna ruhusa ya kuzipunguza makali. Lakini sharti tuzisome pamoja na maelezo ya masahaba waliozipokea.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.), akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza sura. Ibn Abbas akamsimulia onyo la Mtume (s.a.w.), na yule mtu akafazaika sana. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuendelea na ufundi wake, basi aunde miti na kila kitu kisicho na roho. Tazama hekima ya jibu hilo. Hakumnyang'anya mtu ufundi wake wala riziki yake. Alimwonyesha uwanja wa halali uliokuwa karibu naye.

Lori halina roho, wala basi, wala nyumba, wala jahazi. Kwa hiyo kijana huyu yumo ndani ya uwanja uleule aliouonyesha Ibn Abbas. Kuhusu midoli ya watoto, imethibiti kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa nayo na Mtume (s.a.w.) akijua, na katika mapokezi ya Abu Dawud alikuwa na farasi aliyewekewa mbawa za vitambaa, Mtume akamuuliza kuhusu mbawa hizo, na jibu lake likamfanya acheke. Wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto kwa dalili hiyo, na wengine wamebana zaidi. Nasaha yetu kwa kijana ni kubaki mahali pasipo na hitilafu: kiti cha dereva akiache kitupu. Lori lililoegeshwa halihitaji mtu ndani yake, na uzuri wake haupungui.

KUPIMA NI SEHEMU YA UCHAMUNGU

Swali la pili lilihusu muda. Kabla ya kusema kijana anapoteza muda, tutazame anajifunza nini.

Katika Sura Saba, aya ya 10 na ya 11, Allah (S.W.) anaeleza kwamba alimlainishia Nabii Dawud (a.s.) chuma, akamwamuru atengeneze mavazi kamili ya vita na akadirie vyema pete zake. Nabii, naye ni mfalme, anaelekezwa kuhusu kipimo cha pete ya chuma! Pete ikiwa kubwa mno, mshale unapenya. Ikiwa ndogo mno, vazi linamwelemea askari. Kisha amri hiyo inafuatwa papo hapo na amri ya kutenda mema. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa hakuna mtu aliyepata kula chakula bora kuliko kinachotokana na kazi ya mkono wake, akamtaja Dawud kuwa mfano wa hilo.

Umma wetu ulilijua jambo hili. Mwaka 1582, katika sherehe kubwa zilizofanyika Istanbul kwa ajili ya tohara ya mtoto wa Sultani Murad III, mafundi walipita mbele ya watu wakiwa wamebeba mfano wa Msikiti wa Suleymaniye, na tukio hilo likachorwa katika kitabu cha sherehe hizo. Katika mji huohuo leo kuna bustani iitwayo Miniatürk, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambamo majengo mashuhuri yamejengwa kwa skeli ya 1:25, na miongoni mwayo ni misikiti ambayo wengi hawatajaliwa kuiona kwa macho.

Nasi Waswahili tuna kisa chetu, na faida yake ni kubwa zaidi. Babu zetu wa visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la jamvi. Chombo hicho kilibeba bidhaa na abiria katika pwani yetu kwa karne nyingi, kisha katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kikatoweka baharini. Leo hakuna mtepe mmoja wa zamani unaoelea. Tunaujua kwa picha chache, kwa maandishi ya waliouona, na kwa mifano midogo ambayo mafundi waliokumbuka umbo lake waliichonga, mingine ikiwa imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwaka 2003 mtepe mkubwa ulipojengwa upya Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, wajenzi hawakuwa na chombo cha zamani cha kukiigiza. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizokuwa tegemeo.

Hebu zingatia, ndugu msomaji. Fundi mmoja aliketi kivulini, pengine jirani zake wakimwona anachezea vijiti, na kazi yake ikabaki kuwa shahidi baada ya chombo chenyewe kuoza. Na shahidi yeyote husikilizwa kwa kadiri ya ukweli wake. Mfano uliopimwa vizuri humfundisha mjukuu, na uliopimwa ovyo humpoteza, naye hana tena chombo halisi cha kumsahihisha.

Faida nyingine tumeiona karibu zaidi. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa na mchoro wa madrasa ya vyumba viwili, jengo la mita 12 kwa mita 8. Mchoro ulikaa mezani kwa majuma kadhaa, kila mtu akautazama na kutikisa kichwa. Wajumbe wakachanga kutoka mifukoni mwao, si katika mfuko wa msikiti, tukamwagiza kijana huyu atutengenezee mfano kwa skeli ya 1:50. Akaleta jengo la sentimita 24 kwa 16, paa lake likifunguka kama kifuniko. Wazee wasiozoea michoro waliinama, wakachungulia, wakaanza kuuliza maswali. Mwalimu wa kike wa madrasa ndiye aliyeweka kidole juu ya kasoro: njia ya mabinti kwenda kutawadha ilipita mbele ya mlango wa darasa la wavulana. Mchoro ukarekebishwa kabla ya tofali la kwanza. Aliyewahi kubomoa ukuta uliokwishajengwa anajua thamani ya kidole kile.

Kwa hiyo muda huo haupotei, kwa masharti matatu: sala isicheleweshwe kwa sababu ya gundi isiyokauka, masomo yasidhulumiwe, na wazazi wasiachiwe kazi za nyumbani peke yao. Masharti hayo yakitimia, saa mbili za kijana mwenye rula na msasa ni bora kuliko saa mbili katika vibanda vya kamari vinavyowangoja vijana wetu kila mtaa.

KUTU HUSEMA ILIKOTOKA

Tunafika kwenye sehemu iliyomvutia mfanyabiashara, nayo ni kuchakaza. Watu wengi hudhani ni kuchafua tu. Anayetaka kujua tofauti na amtazame kijana huyu kituo cha mabasi akiwa na daftari lake. Huwezi kuchakaza kitu ambacho hujakiangalia.

Gari la njia zetu lina vumbi jekundu, lakini vumbi halikai sawasawa. Huanzia chini likipanda, huwa zito nyuma ya magurudumu na jepesi karibu na paa. Rangi hukwaruzika pale mikono inaposhika kila siku: kandokando ya mlango wa kushoto anaposimama konda, kwenye kitasa, kwenye ngazi. Bodi la lori la magunia huumia zaidi kwa ndani kuliko kwa nje. Kutu huanzia mahali maji yanapotuama, chini ya bolti na kwenye maungio, kisha hushuka kama machozi. Na kutu ni ya chuma. Mbao haipati kutu, hubadilika ikawa ya kijivu na kupasuka. Asiyejua hupaka kutu kila mahali, na jicho la dereva humkataa mara moja.

Njia anazotumia ni nyepesi, na mzazi anaweza kuzisimamia. Rangi nyeusi au ya kahawia huyeyushwa kwa maji mengi, ikapakwa gari zima, kisha ikafutwa kwa kitambaa kabla haijakauka: hubaki katika mianya na pembe, kama uchafu unavyobaki katika gari halisi. Baada ya hapo brashi hutiwa rangi kidogo ya kijivu, ikafutwa mpaka karibu iwe kavu, ikapitishwa juu ya kingo ili zionekane zimesuguliwa. Kutu huipata kwenye bati kuukuu, huikwangua, huisaga na kuichanganya na gundi nyeupe ya maseremala iliyotiwa maji. Moshi wa bomba huufanya kwa masizi kidogo. Vumbi ni udongo wetu wenyewe, lakini huuchekecha kwa kitambaa chepesi, na sababu yake ni hesabu: punje ya milimita 1 katika skeli ya 1:20 ni kokoto ya sentimita 2. Nani aliona lori lililofunikwa kokoto mpaka kwenye kioo? Hata rangi mpya huipunguza ukali kwa kuichanganya na nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo chenye rangi kali huonekana kama pipi.

Kwa hiyo kuchakaza, kikifanywa hivi, ni kusema kweli. Lori linalofanya kazi halifanani na lori la kwenye tangazo. Kila mkwaruzo unaeleza kazi fulani, na kijana aliyezoea kusoma mikwaruzo hiyo ameanza kuheshimu jasho la konda na la mpakiaji, watu ambao wengi wetu tunawapita bila ya kuwaona.

MPAKA WA GHUSHI

Sasa turudi kwa mfanyabiashara na vigoda vyake. Brashi ni ileile, masizi ni yaleyale na mkono ni uleule. Kwa nini lori dogo liwe ukweli, na kigoda kiwe uongo?

Jibu limo katika hadithi maarufu aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza muuzaji, akajibu kuwa mvua imekinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatoa tamko zito la kujitenga na mwenye kughushi.

Tuitazame hadithi hii kwa makini. Muuzaji hakusema uongo kwa mdomo. Hakuna mahali tunapoambiwa alitangaza kuwa chakula chake ni kikavu. Alipanga tu sura ya nje ikaseme kwa niaba yake. Sura ya nje ya bidhaa ni maneno, na mnunuzi huyaamini.

Lori la sentimita 40 linasema nini? Linasema: mimi ni mfano. Hakuna mtu atakayelinunua akidhani atapakia magunia ya mahindi. Kutu yake haimnyimi mnunuzi kitu, bali inamwongezea alichokuja kukitafuta. Kigoda kipya kilichopakwa masizi na kuwekwa mbele ya mgeni kinasema: mimi nina umri wa miaka mia, nimekaliwa na mababu. Mgeni hulipa kwa sababu ya umri huo, na umri huo haupo. Amelipia hewa. Kwamba ni mgeni, au kwamba si Mwislamu, au kwamba ana fedha nyingi, hakubadilishi hukumu hata kidogo, maana haki ya mnunuzi haitokani na dini yake wala mfuko wake.

Ama hoja ya kijana kwamba yeye anapaka tu, tunamjibu kwa upole. Laiti asingejua kusudio, tungemsamehe. Lakini ameambiwa waziwazi, na Allah (S.W.) katika Sura al-Maida, aya ya 2, ametuamuru tusaidiane katika wema na ametukataza kusaidiana katika dhambi. Anayejaza unyevu katikati ya rundo na anayesimama mbele ya rundo ni washirika, hata kama kila mmoja ana malipo yake mbalimbali.

Hata hivyo hatukumfungia mlango. Wapo watu wengi wanaopenda samani mpya yenye sura ya kikale, na hilo si haramu iwapo wameambiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba wauziani wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka hiyo hufutwa. Basi tulimpa kijana sharti moja la kumpelekea mfanyabiashara: kila kigoda kiandikwe chini yake, kwa wino usiofutika au kwa ncha ya moto, kwamba kimetengenezwa Handeni, pamoja na mwaka wa Hijria na wa Miladia. Akikubali, kazi ni halali na malipo ni halali.

Mfanyabiashara alilisikia sharti hilo akaondoka, na hajarudi. Kutokurudi kwake kumetueleza bei ile ilikuwa ya kitu gani.

KWA WAZAZI, NA KWA SISI WENGINE

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii tunausia yafuatayo.

Usivunje kazi yake kwa hasira. Mzazi anaweza kuharibu kwa dakika moja kilichofundisha subira ya miezi mitatu, na mtoto atakachokumbuka ni mguu uliokanyaga. Ukiwa na jambo la kukataza, kataza jambo lenyewe.

Simamia vifaa. Wembe na kisu vitumike kwa kukata kuelekea mbali na mkono. Rangi za mafuta, tina na gundi zenye harufu kali zitumike nje penye upepo, na mzazi ajue chupa iko wapi, kwa sababu wapo vijana walioanza na gundi ya kazi wakaishia kuinusa. Kutu na masizi visagwe pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa. Unga mweusi wa betri kuukuu, ambao watoto hupenda kuupasua, usiguswe kabisa, kwa kuwa una sumu.

Mfundishe kuweka alama. Kila mfano uandikwe chini jina la fundi, mahali, tarehe na skeli. Maandishi hayo manne yana faida mbili: yanamlinda mnunuzi wa leo, na yanamsaidia mjukuu wa kesho atakayetaka kujua malori ya Handeni yalikuwaje.

Muunganishe na masomo. Anayepunguza lori mara 20 ameshaanza hesabu za uwiano. Anayekisia kutu itaanzia wapi ameshaanza kemia. Mwalimu akiambiwa hivyo anaweza kumwona kijana kwa jicho jingine, na vyuo vya ufundi stadi vipo kwa ajili ya mikono kama hii.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wengine, tusiokuwa mafundi wala wazazi wa kijana huyu. Nyumba ile imeiacha fedha iliyokuwa mlangoni, kwa kumwogopa Allah. Madeni yake hayakuondoka na mfanyabiashara. Mama bado huamka kabla ya alfajiri kukanda unga. Tumewapa fatwa na wameitii, na sisi tumerudi majumbani mwetu tukiwa na raha kwamba nasaha imepokelewa. Je, hapo ndipo wajibu wetu unapokoma?

Ibn Abbas hakumkataza yule mtu kisha akamwacha njiani. Alimwonyesha cha kufanya. Wapo miongoni mwetu wanaojenga nyumba za kupangisha, misikiti, zahanati na shule, na hutumia mamilioni kwa kuamini mchoro wasiouelewa. Wapo walimu wa jiografia na wa madrasa wanaofundisha safari ya Hijra au mpangilio wa Masjid al-Haram kwa maneno matupu. Wapo wenye mabasi ambao wangependa kuweka ofisini mfano wa gari lao la kwanza. Kila mmoja wa hawa anaweza kuagiza kazi, akalipa bei ya haki, tena akalipa mapema. Tukimwambia kijana aache haramu, kisha hakuna anayenunua halali yake, tumempa nusu ya nasaha, na nusu iliyobaki Shetani anaijua vizuri kuliko sisi.

Tunamuomba Allah (S.W.) aijaalie mikono ya watoto wetu kuwa mikono ya manufaa, atuepushe na kila chumo la udanganyifu, na amfungulie kila aliyeacha jambo kwa ajili Yake mlango ulio bora zaidi. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.